Madaftari Mawili, Ini Moja

Ini bovu husikika kabla halijaonekana. Ini zima hukatika kimya, kama sabuni iliyolowa. Ini lililokaliwa na minyoo kwa miaka hukwaruza: mifereji ya nyongo imeshikwa na chokaa, na kisu hupita juu yake kama kinapita kwenye changarawe. Mkaguzi wa nyama anakandamiza kwa gumba, na kwenye mdomo wa mfereji kinachungulia kitu bapa cha rangi ya kahawia, umbo lake kama jani changa la mwembe. Kisha cha pili.

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye sakafu ya saruji ya machinjio madogo mashariki mwa Uganda, upande wa kuelekea mpaka wa Busia. Mchinjaji anataka kujua jambo moja tu: ini lote linatupwa, au atakata upande mbaya abaki na mwingine? Mkaguzi anaandika kwenye daftari lake: *ini 1, minyoo*. Basi. Bodaboda za kupeleka nyama sokoni zimeshawashwa.

Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye kituo cha afya cha ngazi ya tatu, kuna daftari jingine. Hilo ni la maabara. Malaria, malaria, taifodi, safura, malaria, kichocho, "hakuna kilichoonekana". Minyoo ya ini haimo.

Kwa wiki kadhaa jambo hili limekataa kuniondoka. Ng'ombe na watu wanatumia bonde moja. Maji ya mto ni hayo hayo. Mboga zinalimwa ukingoni, hatua chache kutoka pale mifugo inaponyweshwa. Daftari moja linasema minyoo ipo. La pili linasema haijawahi kuwapo.

Haipo, au haitafutwi?

Jibu la haraka ni kwamba haitafutwi. Lakini ukilifuata hatua kwa hatua, jibu hilo linaanza kuyumba, maana kuna njia ya kuikosa minyoo hii ikiwepo, na kuna njia nyingine ya kuiona wakati haipo.

## Neno moja, minyoo mingi

Mtu akiulizwa kama ana minyoo, humjibu daktari kwa mnyoo anaoujua, ule mrefu mweupe wa watoto. Akishameza albendazoli ya shuleni, kwake yeye "minyoo" imekwisha. Na kama anaishi kando ya ziwa Victoria au Albert, ameshameza prazikwanteli mara kadhaa tangu kampeni za kitaifa dhidi ya kichocho zilipoanza mwaka 2003. Anajihesabu ametibiwa mara mbili.

Hakuna hata moja kati ya dawa hizo inayotegemewa kuondoa minyoo ya ini ya ng'ombe ikishaingia kwa mtu.

Mnyoo wenyewe ni Fasciola, na kwa nyanda za joto ni hasa *Fasciola gigantica*, unaoweza kufika urefu wa milimita 75. Ndugu yake, *Fasciola hepatica*, hupenda ubaridi wa milimani kwa kuwa konokono wake, *Galba truncatula*, anaishi huko. Gigantica hulelewa na *Radix natalensis*, konokono wa maji yaliyotulia: kando ya mabwawa, kwenye mifereji ya mpunga, kwenye vidimbwi vya kunyweshea. Aliyetembea mashamba ya mpunga ya Doho au bonde la Namatala, mashariki mwa Uganda, msimu wa mvua hahitaji kuchorewa picha.

Kuna jambo moja la kusafisha njiani. Ujumbe mwingi wa WhatsApp kuhusu "minyoo ya ini" umetoka Thailand na Laos, na unaonya watu wasile samaki mbichi. Huo ni mnyoo mwingine kabisa, Opisthorchis, wenye yai dogo mno, chini ya robo ya urefu wa yai la Fasciola. Mukene wako, yaani dagaa, hana kosa katika kesi hii.

## Ini haliambukizi, ila linadanganya

Karibu kila mtu sokoni anaamini kwamba ukila ini lenye minyoo utapata minyoo. Sivyo. Yai linalotoka na kinyesi cha ng'ombe linahitaji kwanza kukaa majini, wiki mbili hivi kwenye joto la nyuzi 25, ndipo kiluwiluwi kitoke na kumtafuta konokono. Ndani ya konokono kinazaliana kwa wiki kadhaa. Wanaotoka huko huogelea, hujibandika kwenye jani, bua au hata juu ya maji, hujifunga ganda na kusubiri mlaji. Mtu huambukizwa kwa jani la majini alilolila bichi, bua alilotafuna akichunga, mboga iliyooshwa kwa maji ya mfereji, au maji yenyewe.

Kwa hiyo ini la sokoni halina kosa la kuambukiza. Kosa lake ni jingine.

Ini lililoathirika limejaa mayai ya minyoo. Ukilila, hata likiwa limepikwa vizuri, mayai hayo hupita tumboni na kutoka chooni yakiwa na sura yake ile ile. Mtaalamu wa maabara akiweka choo chako chini ya hadubini siku ya pili, ataona yai la Fasciola, kubwa, safi, halina shaka. Atakuandika mgonjwa. Nawe huna hata mnyoo mmoja.

Hapa ndipo nilipoanza kuogopa takwimu za haraka. Timu inaweza kufika kijijini, kukusanya vikopo asubuhi moja, kuona mayai na kuondoka na asilimia. Wamehesabu wagonjwa, au wamehesabu waliokula maini Jumapili?

Tiba yake ni swali moja na siku chache. Kabla ya kupokea kikopo, muulize mtu kama amekula maini ndani ya wiki iliyopita, ya ng'ombe, mbuzi au kondoo, na uandike jibu pembeni ya namba yake. Yai likionekana, mwambie akae bila ini kwa siku saba, kisha alete kikopo cha pili. Mayai ya kupita yatakuwa yamekwisha. Ya mnyoo aliye hai yataendelea kutoka. Na kama unapanga uchunguzi wa kijiji kizima, usiupange wiki ya Idd el-Hajj wala ile baada ya Krismasi.

## Sehemu ya ishirini na nne ya gramu

Sasa upande wa pili: kuikosa.

Kipimo cha kawaida kwenye kituo kidogo ni choo kilichochanganywa na tone la maji juu ya slaidi. Kiasi chake ni kama miligramu 2. Timu za kichocho na safura hutumia Kato-Katz, kile kibao chenye tundu kinachobeba miligramu 41.7. Choo kinapitishwa kwenye wavu wa nailoni, kinajazwa kwenye tundu, kinafunikwa kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini na rangi ya malakaiti kijani. Ukihesabu mayai na kuzidisha kwa 24, unapata mayai kwa gramu.

Kato-Katz ni kifaa kizuri kwa kazi iliyokusudiwa. Lakini mtu mwenye Fasciola mara nyingi ana minyoo michache, na mayai yake ni machache na hayatoki kwa usawa kila siku. Tuchukue mtu anayetoa mayai 5 kwa kila gramu. Kwenye slaidi moja ya Kato-Katz tunatarajia yai 0.2. Kwa lugha ya uwezekano, slaidi hiyo itakuwa tupu mara 81 kati ya 100. Slaidi mbili za choo hicho hicho: zote tupu mara 66. Slaidi sita, mbili kila siku kwa siku tatu, bado zitamkosa mara 29 kati ya 100.

Na ile slaidi ya miligramu 2? Itamwona mara moja kati ya 100.

Yaani lile "hakuna kilichoonekana" la kwenye daftari ni kweli tupu. Hakikuonekana. Ila mtu aliyechota kijiko kimoja ziwani akakuta hakuna samaki, naye anasema kweli.

Fomu nazo zina mchango wake. Fomu ya uchunguzi wa shule huwa na safu wima nne: kichocho, safura, mnyoo mviringo, mnyoo mjeledi. Anayesoma slaidi mia kwa siku, jicho lake hufundishwa na fomu. Kisicho na safu hugeuka kuwa uchafu.

## Kijiko, chujio, subira

Dawa ya uchache ni wingi wa choo. Yai la Fasciola ni zito, ndiyo maana mbinu ya kuelesha mayai kwa maji ya chumvi nyingi, inayofanya vizuri kwa safura, haifai hapa: yai linabaki chini wakati wewe unatafuta juu. Liache lizame, ulifuate huko huko.

Vifaa ni vya jikoni. Chukua gramu 3 za choo, kama kijiko kidogo cha chai kisichojaa. Koroga ndani ya mililita 40 hadi 50 za maji mpaka pasibaki donge. Pitisha kwenye chujio la chai ili nyuzi za matooke na maganda ya maharage yabaki juu. Mimina kilichopita kwenye mrija mrefu, acha dakika 5, kisha mwaga maji ya juu taratibu. Ongeza mililita 5 za maji, tikisa kidogo, acha tena dakika 5, mwaga. Mashapo yakiwa bado machafu, rudia kuosha. Mwisho dondosha tone moja la rangi ya methilini bluu, funika kwa kioo chembamba, na usome slaidi nzima kwa lenzi ya mara 10. Soma mashapo yote, hata yakihitaji slaidi tatu au nne. Gramu 3 za yule mtu wetu zina mayai 15. Baadhi yatapotea kwenye chujio na kwenye kumwaga, lakini kutoka 15 unaweza kupoteza nusu na bado ukampata.

Haba na haba, ila kibaba hiki kinajaa kwa kukaa chini.

Makosa ninayoyaona yakielezwa mara kwa mara si ya kisayansi, ni ya haraka. Mrija unainuliwa na kumwagwa kwa mkupuo, mashapo yanafuata maji, na mayai yanaishia kwenye ndoo. Mwaga kwa mwendo mmoja bila kuurudisha mrija wima katikati, maana kule kurudisha ndiko kunakotibua. Ama chombo ni kirefu kuliko mrija wa kawaida lakini muda umebaki dakika zile zile. Kina kikiongezeka, muda nao uongezwe.

Kosa jingine ni maji. Anayechota maji ya mto kuoshea sampuli anaweza kuwa anaongeza mayai ya ng'ombe wa juu ya mto, pamoja na mwani na chavua vya kumchosha macho. Tumia maji yaliyochemshwa na kuchujwa, au ya bomba. Na kila asubuhi pitisha mrija mmoja wa maji matupu, bila choo, usome mashapo yake. Ukiona yai humo, simamisha kazi.

Halafu kuna mgongano na kichocho ambao wengi hawautarajii. Yai la kichocho likikaa kwenye maji matamu huanguliwa haraka, kiluwiluwi kinatoka na unabaki na ganda tupu. La Fasciola halina haraka hiyo, linahitaji siku nyingi. Kama unatafuta vyote viwili kwenye sampuli moja, na kando ya ziwa ni lazima iwe hivyo, badili maji kwa maji ya chumvi hafifu: gramu 8.5 za chumvi kwa lita moja. Yanazuia kuanguliwa na bado mayai yanazama.

Sampuli ikibidi kusafiri hadi mjini, changanya sehemu moja ya choo na sehemu tatu za fomalini ya asilimia 10. Fomalini ya dukani ni kali, asilimia 37 hadi 40 ya gesi yenyewe. Chukua kipimo kimoja chake na vipimo tisa vya maji. Fanya hivyo mahali penye upepo, si kwenye chumba cha dirisha moja.

## Mwiba uliojificha

Yai limeonekana. Ni la nani?

Yai la kichocho cha tumbo lina urefu wa maikromita 114 hadi 180 (maikromita elfu moja ni milimita moja) na mwiba ubavuni. Yai la Fasciola lina maikromita 130 hadi 150 kwa 60 hadi 90, na la gigantica mara nyingi hupita hapo. Kwa hiyo urefu peke yake hautoshi, vipimo vinaingiliana. Kinachotenganisha ni mwiba upande mmoja, na kifuniko kidogo kwenye ncha upande wa pili.

Tabu ni kwamba vyote viwili vinajificha. Yai la kichocho likilala mwiba ukiwa chini yake, linaonekana laini kama yai la bata. Kifuniko cha yai la Fasciola nacho ni mstari mwembamba tu, rahisi kutouona. Hapo ndipo msomaji aliyezoea kichocho huandika kichocho, na anayetafuta Fasciola huandika Fasciola.

Usiandike bado. Gusa ukingo wa kioo cha juu kwa ncha ya penseli huku unatazama, yai litabiringika. Mwiba kama upo utajitokeza. Ukibonyeza kidogo zaidi, kifuniko cha Fasciola mara nyingine hufunguka kama kopo. Hili linawezekana kwenye mashapo yenye maji. Kwenye Kato-Katz yai limenaswa na halibiringiki.

Kwa wanaosoma kinyesi cha ng'ombe kuna mtego mwingine: minyoo bapa ya tumbo la kwanza, ile myekundu minene ambayo mchinjaji huiona imebandika kwenye ukuta wa tumbo hilo akiliosha. Yai lake ni kubwa vile vile na lina kifuniko vile vile. Tofauti ni rangi. La Fasciola ni la manjano ya dhahabu kwa sababu ya nyongo. La tumbo ni la kijivu, angavu. Ndiyo kazi ya lile tone la methilini bluu: uchafu unakuwa buluu, yai la dhahabu linabaki na dhahabu yake.

## Miezi ya ukimya

Hata ukifanya yote hayo bila kosa, kuna mgonjwa utakayemkosa kwa hakika, naye ndiye mwenye maumivu makali kuliko wote.

Kinyoo kikimezwa hutoboa utumbo, huvuka tumbo na kuingia ini kwa upande wa nje, kikila njia yake hadi kwenye mfereji wa nyongo. Safari hiyo na kukua huchukua miezi mitatu hadi minne. Katika kipindi hicho hakuna yai hata moja. Kuna homa inayokuja na kuondoka, maumivu chini ya mbavu za kulia, kukonda, mara nyingine vipele vya kuwasha.

Fikiria safari yake hospitalini. Kipimo cha malaria: hakuna. Kipimo cha taifodi cha matone: "kidogo ipo", kama kilivyo kwa nusu ya foleni. Anameza dawa za taifodi. Anarudi, anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Anarudi tena. Mara ya nne harudi.

Kituo cha ngazi ya tatu chenye hadubini na rangi ya Giemsa kina kitu kimoja cha kumpa: kuhesabu eosinofili, aina moja ya chembe nyeupe za damu. Ni utando mwembamba wa damu, si tone nene la malaria. Hesabu chembe nyeupe 100, andika ngapi ni zile zenye punje nyekundu za machungwa. Saba haisemi mengi kwa mtu wa kijijini. Thelathini inasema. Kama jumla ya chembe nyeupe ni 9,000, asilimia 30 ni 2,700, na zaidi ya 500 tayari ni nyingi kupita kawaida.

Lakini nyingi kwa sababu gani? Safura huzipandisha, na kichocho kipya nacho, tena kichocho kipya huja na homa inayofanana na hii. Hesabu hii haisemi ni mnyoo gani. Inachofanya ni kumtoa mgonjwa kwenye mstari wa taifodi. Hapo ndipo maswali yanapata uzito: unachota maji wapi, unakula majani gani mabichi, mpunga wenu uko karibu na malisho? Na lile linalosahaulika zaidi: nani mwingine nyumbani anaumwa hivi? Wanaokula sahani moja huambukizwa pamoja. Ukimpata mmoja, ita nyumba nzima.

Kipimo cha kingamwili huweza kumwona mgonjwa wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, miezi kabla ya yai la kwanza. Hufanyika kwenye maabara kubwa. Kinachotakiwa kijijini ni kuvuta damu, kutenga majimaji yake, kuyaweka kwenye baridi na kuyasafirisha. Nacho kina kasoro: kingamwili hubaki muda mrefu mtu akishapona, kwa hiyo jibu la "ndiyo" linaweza kuwa la ugonjwa wa zamani. Ultrasaundi nayo husaidia zaidi baadaye, minyoo ikishafika kwenye nyongo, na mara nyingine mpimaji huiona ikijongea. Mgonjwa aende bila kula kwa saa sita hadi nane, la sivyo mfuko wa nyongo utakuwa umejikunja na hakuna cha kutazama. Ni jambo dogo, lakini nauli ya bodaboda kwenda mjini mara mbili si jambo dogo.

## Kidonge kisicho dukani

Dawa ni triklabendazoli, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, imezwe pamoja na chakula. Kidonge kina miligramu 250, kwa hiyo mtu wa kilo 50 humeza viwili. Maambukizi makali hurudiwa dozi baada ya saa 12 hadi 24. Haikai kwenye rafu za duka la dawa la kawaida. Shirika la Afya Duniani huipokea kama msaada kutoka kwa Novartis na kuigawa kwa maombi ya wizara za afya, na ombi linahitaji wagonjwa waliothibitishwa. Unaona mduara: bila kupima hakuna idadi, bila idadi hakuna ombi, na bila dawa mtaalamu wa maabara anauliza apime ili iweje.

Jina hilo hilo la dawa huonekana kwenye chupa za duka la mifugo. Dawa ya ng'ombe si ya mtu. Ukali wake ni mwingine, na baadhi ya chupa zina dawa ya pili iliyochanganywa.

Mgonjwa aambiwe mapema pia kwamba ndani ya siku chache anaweza kubanwa na maumivu chini ya mbavu, minyoo iliyokufa ikitoka kwenye mifereji. Asipoambiwa, atasema dawa imemdhuru, na jirani yake hatakuja kupimwa.

## Chupa ya nyongo

Turudi kwenye lile daftari la machinjio.

*Ini 1, minyoo* haitoshi, na haitoshi kwa njia inayoweza kurekebishwa kwa kalamu. Ng'ombe wa machinjio hakuzaliwa hapo. Huenda alitembezwa kutoka mbali, na makovu ya ini lake ni ya bonde jingine. Lakini amekuja na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, au kibali cha kusafirisha mifugo, na barua hiyo ina jina la mahali. Kiandikwe kijiji. Uandikwe umri kwa meno: ng'ombe mchanga aliyekaa bonde moja maisha yake mafupi anasema zaidi juu ya bonde hilo kuliko fahali wa miaka kumi. Na iandikwe ini limeonekanaje. Mifereji migumu yenye chokaa ni habari ya zamani. Vijia vyekundu vya damu ndani ya nyama ya ini, na vinyoo vya milimita chache ukikamua, ni maambukizi ya wiki chache zilizopita. Maana yake maji aliyokunywa juzi yana ugonjwa sasa hivi.

Nakiri kuna shaka hapa pia. Mchinjaji anapoteza pesa kwa kila ini linalotupwa, na daftari likianza kuuliza vijiji na meno, baadhi ya ng'ombe wataanza kuchinjwa nyuma ya nyumba. Mkaguzi anayeishi mtaa mmoja na wachinjaji analijua hilo kuliko mwandishi yeyote.

Kuna kitu kingine machinjio yanaweza kutoa ambacho hakimgharimu mtu hata shilingi: nyongo, ile inayomwagwa.

Mfuko wa nyongo wa ng'ombe mwenye minyoo una mayai mengi. Mimina nyongo hiyo kwenye chupa ndefu ya kioo, ongeza maji, acha itulie robo saa, mwaga juu, rudia mpaka maji yawe meupe. Kinachobaki chini ni mayai ya Fasciola karibu peke yake, bila yale ya kijivu, kwa kuwa minyoo ya tumbo haitagi kwenye nyongo. Weka ndani ya fomalini ya asilimia 10, funga kifuniko, andika lebo.

Chupa hiyo ikifika kwenye kituo cha afya, mtaalamu wa maabara anapata asichowahi kupewa: yai halisi la kulinganisha. Anaweza kulibiringisha, kulipima, kuona rangi yake karibu na lile la kichocho. Anaweza pia kudondosha mayai kumi kwenye choo cha mtu mzima wa afya, kukipitisha kwenye chujio na mrija, na kuhesabu ameyapata mangapi. Akipata mawili, tatizo liko mkononi mwake, kwenye kumwaga. Akipata saba, basi siku atakapoandika "hakuna kilichoonekana" tutakuwa tunajua neno hilo lina uzito gani.

Lebo iwe na vitu vitatu: tarehe, "ng'ombe", na jina la kijiji kutoka kwenye barua ya LC1. Kisha mtu afungue daftari la maabara, miezi minne kurudi nyuma, atafute wagonjwa wa kijiji hicho walioandikiwa taifodi mara tatu.